Utando Juu ya Sahani ya Matundu: Maisha ya Dkt. Getruda Shimba Ojuok (1951–1999)

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu mliotoka Magu na mliovuka kutoka Shirati, majirani wa Buswelu, wafanyakazi wa kiwandani na wa hospitali, familia inawaomba mtulie kidogo msikilize habari za mama huyu tuliyekuja kumsindikiza, habari ambazo alimsimulia mwenyewe mdogo wake Ndalahwa, ndiye anayezisoma, akiwa amelala kitandani na akili zake timamu, akaagiza zisomwe bila kupunguzwa hata pale zinapouma, na mume wake, Bwana Jonathan Ojuok, aliyeketi hapa mbele yenu, ameridhia.

Getruda alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Nyanguge, ambacho leo kiko wilaya ya Magu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Shimba Malimi, mkulima wa pamba, na mama Suzana, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo ingawa macho yamemwishia. Mama anakumbuka kwamba binti yake alikuwa mtundu wa namna ya peke yake, hakuvunja vitu wala hakupigana, ila kila kuku alipoangua yeye alikusanya maganda, akabandua ile ngozi nyembamba iliyomo ndani ya ganda la yai, akaitandaza juani kwenye jani la mgomba, na ilipokauka ikapasuka alilia kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, watu wakimwuliza kinachomliza anashindwa kueleza.

Alianza darasa la kwanza Nyanguge mwaka 1959, akamaliza darasa la nane mwaka 1966, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Bwiru, ambako alisoma kuanzia 1967 hadi 1970, kisha kidato cha tano na cha sita Tabora, akahitimu mwaka 1972, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka uliofuata, na mwaka 1974 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea fizikia na kemia, akiwa mmoja wa wasichana wachache mno katika darasa lile. Aliporudi Mwanza mwaka 1977 na shahada yake, aliajiriwa kuwa msaidizi katika kituo kimoja cha utafiti wa magonjwa kilichokuwa kando ya ziwa, na ni huko bandarini, alikokwenda kuuliza habari za sanduku la vioo lililochelewa kuletwa na meli, ndiko alikokutana na fundi wa injini za meli, kijana mrefu asiye na maneno mengi, Jonathan mwana wa Ojuok, kutoka Shirati. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 26 Novemba 1977, baada ya wazee wa pande mbili kuvutana sana kuhusu binti wa Kisukuma kuolewa Ujaluoni, mvutano ambao mama mkwe wake, marehemu mama Akelo, aliumaliza kwa kuja mwenyewe mpaka Nyanguge na kulala siku kadhaa akisaidia kuchuma pamba, asiongee jambo la posa hata mara moja mpaka mzee Shimba alipoanza kuliongea yeye.

Mtoto wao wa kwanza, Otuoma, alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1978. Kabla hajatimiza mwaka, Getruda alipata nafasi ya kwenda kusoma Leningrad, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Urusi ya Kisovyeti, masomo ya fizikia ya viumbe hai mpaka shahada ya udaktari, na kwa kuwa tiketi iliyotolewa ilikuwa ya kwenda wakati wa kuanza na ya kurudi wakati wa kumaliza tu, alimwacha mtoto kwa mama Akelo Shirati, akaondoka Septemba 1979. Huko ughaibuni, mwaka 1981, ndiko alikopata habari kwamba Otuoma ameonekana kuwa na selimundu, ugonjwa ule wa damu unaowasumbua watoto wengi wa kandokando ya ziwa letu, ambao chembe nyekundu zinapokosa hewa hujikunja kama mundu, zikaganda njiani na kuleta maumivu ambayo aliyewahi kuyaona hawezi kuyasahau. Alimwendea profesa wake akamwomba abadilishe somo la utafiti, akakubaliwa, na tangu siku hiyo kazi yake yote ya maisha ikawa juu ya kitu kimoja, utando wa chembe nyekundu ya damu.

Kwa wale ambao hamkuwahi kuelewa alichokuwa akikifanya, na wengi wetu hatukuelewa mpaka alipotueleza hivi karibuni, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila chembe ya damu imefungwa ndani ya utando laini kupita kitu chochote unachoweza kukishika, na utando huo ndio mlango unaoamua chumvi gani iingie na ipi itoke. Ukitaka kuujua, lazima kwanza uondoe kilichomo ndani, kwa hiyo damu husafishwa kwa maji ya chumvi katika mashine ya kuzungusha, kisha humwagiwa maji ambayo karibu hayana chumvi, chembe zinavimba na kupasuka, wekundu unatoka, yanabaki maganda matupu meupe. Maganda hayo hutandazwa juu ya sahani ndogo ya alumini iliyotobolewa matundu kwa tindikali na umeme, matundu membamba kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida haiyaoni, ili utando ukae juu ya tundu kama ngozi juu ya ngoma, maji yawe upande huu na upande ule, na mtu aweze kupitisha umeme kidogo sana na kupima kinachopenya. Shida ni kwamba utando ukiulazimisha unachanika, ukiuacha unakunjamana, na ukikauka hata kwa kufumba na kufumbua umekwisha, haufai tena. Getruda alijifunza kuutandaza kule Leningrad kwa karibu miaka mitatu, akatetea tasnifu yake Machi 1984, akapewa zawadi na profesa wake, bati dogo jembamba la alumini safi lililoviringishwa, na tarehe 19 Aprili 1984 akatua uwanja wa ndege wa Mwanza akiwa amebeba mkononi koti dogo jekundu la sufu la mtoto wa miaka mitano.

Waliokuja kumpokea walikuwa mumewe na mama mkwe. Akasalimia, akampa mama mkwe shikamoo, akatazama nyuma yao, kisha akauliza Otuoma yuko wapi. Mama Akelo akaketi chini palepale kwenye sakafu. Otuoma alikuwa amefariki tarehe 11 Novemba 1983 na kuzikwa Shirati, na nyumba nzima ilikuwa imekubaliana asiambiwe mpaka atakapomaliza masomo, kwa kuwa walijua akiambiwa ataacha kila kitu na kurudi, na akirudi hatapata tena nafasi ya kwenda. Jonathan alimwambia neno moja tu.

“Tulitaka umalize.”

Getruda hakulia mbele za watu, wala hakuuliza mtoto alikufaje, siku ile wala mwaka ule wala miaka mingi iliyofuata, na alipopelekwa Shirati kuhani alikaa ndani ya nyumba na kukataa kuoneshwa kaburi. Alirudi kituoni Mwanza akapewa chumba, akafunga mashine yake, akaanza kazi, na wenzake wa wakati huo wanasema alikuwa mtu wa kufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, mpole kwa kila mtu, lakini mpole kama mtu aliyefungiwa upande wa pili wa kioo.

Tarehe 6 Agosti 1986 Mungu aliwapa mtoto wa pili, Sharon, na alipofikisha miezi tisa mama yake alimtoa damu kidoleni kwa mkono wake mwenyewe, akaitazama katika hadubini, akaona chembe zilizojikunja kama mundu, zile alizokuwa akiomba asizione. Hawakujaliwa mtoto mwingine. Kuanzia hapo kalenda ya nyumba ile iliandikwa na homa za Sharon, hakuna safari iliyopangwa ikafanyika kama ilivyopangwa, hakuna harusi waliyokaa mpaka mwisho, na Getruda alipata woga wa baridi, woga wa mbu, woga wa kila kikohozi, akawa hawezi kulala nje ya Mwanza.

Zikaja zama za ruksa, maduka yakajaa, mitumba ikajaa, na kule ziwani wakafika wenye viwanda vya minofu ya sangara, na wakati huohuo serikali ikaanza kupunguza watu katika taasisi zake. Kituo alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa tarehe 30 Juni 1993, wafanyakazi wakarudishwa majumbani, na jengo likapangishwa kwa kiwanda cha samaki. Mwenye kiwanda alihitaji mtu wa kupima minofu kabla haijapelekwa Ulaya, kuona kama ina vijidudu, na Bwana Malimi, meneja wake, asiye na undugu na mzee Shimba, alisikia kwamba yupo mama mmoja daktari ambaye anajua maabara ile mpaka misumari yake. Ndivyo Getruda alivyoajiriwa kupima samaki ndani ya chumba kilekile alichokuwa akitafiti damu, mezani palepale, na alipoomba aachiwe kona moja na ile mashine ya kuzungusha, ambayo hakuna aliyetaka kuinunua, Bwana Malimi alimruhusu, mradi samaki watangulie.

Hapo ndipo alipoanza kutengeneza sahani zake mwenyewe, kwa kuwa za kuagiza hazikuwezekana tena. Alikata alumini ya profesa vipande vidogo kama kucha, akanunua maji ya betri, ambayo ni tindikali, kwa mafundi wa Mabatini, akaazima betri ya gari, na barafu ilikuwepo ya kumwaga, kwa sababu kiwanda cha samaki ni barafu, na tindikali isipokuwa baridi haitoboi matundu yaliyo sawa. Mume wake alimtengenezea kwa mikono yake kifaa cha kushikia sahani kati ya vyumba viwili vya maji, akakichonga kutoka kwenye kipande cha plastiki ngumu alichokitoa melini, na Getruda alikipokea, akakitumia kila siku, akamshukuru, lakini hakumkaribisha kuja kuona kinavyofanya kazi. Sahani zilikuwa nzuri. Utando ndio uliokataa, ulikaa juu ya matundu machache na kuchanika kwenye mengine, maji yakapita, sindano ya kipimo ikaruka, na kazi ya wiki nzima ikamwagwa kwenye karo pamoja na maji ya samaki.

Mwaka 1995 ulifika mwaliko kutoka chuo kimoja cha Ulaya kaskazini, walikuwa wamesoma tasnifu yake, walikuwa na sahani bora, hadubini za umeme na chumba kinachomsubiri, wakamtaka kwa miaka mitatu, lakini mtoto mgonjwa hawakuwa na namna ya kumpokea. Mwaliko ule ulikaa juu ya meza ya chakula wiki nyingi, watu wakila kando yake, hadi jioni moja Jonathan alipousukuma taratibu upande wa mkewe.

“Nenda, Mama Sharon, mimi nitabaki naye.”

“Ulishabaki na mwingine,” Getruda akamjibu.

Haya ndiyo maneno ambayo mwenyewe alisisitiza yasomwe, kwa sababu alisema aliyatamka akiwa anajua yatakakopiga, na kwamba mume wake aliinuka, akaosha vyombo, akaenda kulala, na kesho yake hakumnunia. Mwaliko ukajibiwa kwa kukataliwa. Ndugu wengi tulimpongeza kwa kuchagua familia, tukamwita mama wa mfano, wala hatukujua kwamba kila pongezi ilikuwa inamkaba, maana alitaka kwenda, alitaka sana, na alimpenda mtoto, na vyote viwili vilikuwa kweli, na hakuna kati yetu aliyemwachia nafasi ya kusema vyote viwili kwa pamoja.

Akabaki na kona yake. Kwa kuwa hakuwa na hospitali iliyo tayari kumpa damu ya wagonjwa kila alipoihitaji, alitumia ya binti yake, kidogo tu, mara moja kila mwezi Sharon alipokuwa na nguvu, na mtoto alizoea kunyoosha mkono bila kuambiwa. Siku moja ya Jumapili, mwezi Novemba 1996, baada ya kanisa, Sharon akiwa na miaka kumi, alinyoosha mkono kama kawaida, akamtazama mama yake usoni wakati sindano inaingia.

“Mama, ukinitoboa unanitazama kama unavyotazama sahani zako.”

Hakusema kwa hasira, alisema kama anayetoa taarifa. Getruda aliichomoa sindano kabla damu haijatosha, akabandika pamba, akamwambia mtoto aende kucheza, kisha akatoka uani alikokuwa Jonathan akichokonoa jiko la mkaa, akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1984 akamwuliza Otuoma alikufaje. Jonathan alimweleza yote bila kuacha, kwamba ilikuwa alfajiri, kwamba mvua ilikuwa imenyesha na gari la misheni lilikuwa limekwama, kwamba alimbeba mgongoni kuelekea hospitali, mama Akelo akiwafuata kwa nyuma na blanketi, na kwamba mtoto aliomba maji, akapewa, akanywa, akasema yana baridi, na hakusema tena. Walikaa pale mpaka mkaa ukawa majivu. Desemba ile walikwenda Shirati wote watatu, Getruda akaoneshwa kaburi, akalipalilia kwa mikono, na mama Akelo, ambaye tayari alikuwa mgonjwa na angefariki mwaka uliofuata, alimwomba msamaha kwa Kijaluo, na yeye akaupokea kwa Kisukuma, hakuna aliyetafsiri.

Tangu hapo hakumtoa tena Sharon damu kwa ajili ya kazi, na kazi ikasimama.

Sasa, sheria ya viwanda vya samaki ni kwamba kila anayeshika minofu lazima apimwe afya, na mwaka 1997 upimaji huo uliwekwa chini ya maabara ya Getruda. Miongoni mwa damu zilizopita mikononi mwake ilikuwamo ya dada mmoja wa chumba cha kukatia minofu, Odeta, mkazi wa Mabatini, ambaye zamani alikuwa akiuza dagaa kwa visado, vile vikopo vya kupimia, na Getruda alipoitazama damu ile katika hadubini aliinua macho, akainama tena, akahakikisha. Odeta alikuwa na selimundu, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, aliyefika umri ambao wengi hawaufiki, na kazi yake ilikuwa kusimama kutwa nzima ndani ya baridi, mikono kwenye barafu, baridi ambayo kwa mgonjwa kama yeye ni sumu. Alimwita, akafunga mlango, akamwuliza kama anajua. Odeta alikuwa anajua tangu utotoni.

“Daktari, ukiandika nitafukuzwa,” akasema. “Nyumbani kwangu mimi ndiye ninayelisha.”

“Nisipoandika utakufa humu ndani.”

“Basi niambie wewe, lipi kati ya hayo.”

Getruda alimweleza mdogo wake kwamba katika maisha yake yote, siku ya uwanja wa ndege ikiwemo, hakuwahi kujiona amebanwa kama alivyobanwa dakika zile, maana akisema kweli anaua kwa njaa, akinyamaza anaua kwa baridi, na kazi yake ni kusema kweli. Alichofanya ni kwenda kwa Bwana Malimi na kumwambia, bila kutaja ugonjwa, kwamba maabara imemzidi, anahitaji mikono miwili zaidi, na mikono anayoitaka ni ya Odeta. Bwana Malimi akamjibu kwamba wakataji minofu wazuri ni wachache na waosha chupa ni wengi, wakajadiliana hivyo kwa miezi, Odeta akiendelea kusimama kwenye barafu, amevaa soksi za sufu alizoletewa na Getruda mikononi ndani ya glavu.

Mwanzoni mwa mwaka 1998 Ulaya ikafunga soko la samaki wa ziwa letu, kiwanda kikasimama, wafanyakazi wakaanza kuondolewa, wa chumba cha minofu wakiwa wa kwanza. Na wakati huohuo, kama vile mambo yalikuwa yakimvizia, hospitali kubwa ya hapa mjini ilimwita Getruda akaongoze maabara yao ya damu, kazi aliyoiota tangu kituo kilipofungwa, wodi ya watoto wenye selimundu ikiwa ng’ambo ya ua. Alikwenda kuaga. Bwana Malimi, ambaye leo yuko hapa na ametuambia tusimfiche, alimweleza wazi kwamba soko litafunguliwa siku moja na litafunguliwa kwa viwanda vyenye mtaalamu anayeaminika Ulaya, kwamba akiondoka yeye kiwanda kitakuwa cha mwisho kurudi, na akamwuliza anataka nini ili abaki. Getruda alikuwa amekuja kuaga, hakuwa amekuja kutaka kitu, lakini alipokuwa akiingia langoni alikuwa amemwona Odeta kwenye foleni ya wanaoondolewa, ameegemea ukuta, midomo imemkauka.

“Nikibaki, Odeta abaki, na awe maabara.”

“Atabaki kwa muda wote utakaobaki wewe,” Bwana Malimi akasema, “ukiondoka anaondoka.”

Hivyo ndivyo alivyojifunga mwenyewe, na hospitali ikampa kazi mtu mwingine. Jonathan alipoambiwa jioni ile aliuliza kama ni jambo la kupongezwa au la kupewa pole, na Getruda, kwa maneno yake mwenyewe, alicheka hadi akashika mbavu, akamwambia kwamba katika miaka yote hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

Odeta alifundishwa kuosha vyombo vya kioo, kisha, soko lilipofunguliwa tena, kupima samaki, na ni yeye mwenyewe, si kwa kuombwa, aliyesema damu yangu si ipo, na Getruda akamkatalia, akakataa tena, akaja kukubali pale Odeta alipomweleza kwamba damu hii imenitesa bure tangu nizaliwe, acha nayo ifanye kazi. Walifanya pamoja mwaka mzima. Sahani nyingi zilimwagwa. Getruda aliacha kuulazimisha utando ushuke juu ya matundu kwa kuusukuma na maji, akawa anauacha utue wenyewe, polepole, ndani ya maji baridi yasiyotikiswa, muda ambao watu wawili walitumia kukaa bila kusogea na kusimuliana habari za nyumbani kwa sauti ya chini, na mwezi Februari 1999 sahani moja ikawekwa kwenye kile kifaa cha Jonathan, umeme ukapitishwa, na sindano ikainuka kidogo, ikasimama, haikuruka. Walingoja iruke. Haikuruka. Safari hii Getruda alituma mtu bandarini kumwita mume wake, akaja na mafuta ya injini mikononi, akaoneshwa.

“Hiyo ni damu ya Odeta,” akamwambia, “imekaa.”

Vipimo vilivyofuata viliandikwa kwa majina ya Getruda na Odeta pamoja, vikapelekwa kwa jarida la nje, na mwezi Mei jibu likaja kwamba wenzao wa Ulaya, walewale waliomwalika, walikuwa wamechapisha kazi inayofanana na hiyo miezi michache iliyotangulia, kwa sahani bora kuliko zake, hivyo kazi yao si mpya. Odeta alilia. Getruda, ambaye wakati huo alikuwa amekonda, alisema kwamba hawa wamepata kilekile tulichopata sisi, basi tulichokiona kilikuwepo, akaiweka karatasi pembeni na kumwambia Odeta aandae sampuli za samaki, kwa sababu samaki wanatangulia.

Maradhi yake yalianza Oktoba 1998 kwa maumivu ya tumbo aliyoyaficha, akidhani ni vidonda, na vipimo vya Machi 1999 vikaonesha ni saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa. Alilazwa mara tatu, mara ya mwisho kuanzia Juni, na alipoelewa kwamba madaktari wamefika mwisho wa uwezo wao aliomba arudishwe Buswelu, akaletwa tarehe 10 Julai, akawekwa chumba cha mbele. Alikuwa hapumui vizuri, alisema chumba kinamwelemea, kwa hiyo dirisha liliachwa wazi mchana kutwa, upepo wa Julai ukitoka ziwani na kumpiga usoni, na hilo ndilo lililokuwa nafuu yake pekee, mtu akilisogelea kulifunga alikuwa anamkemea kwa macho. Jumamosi tarehe 17 Julai 1999, saa kumi alasiri, Sharon alirudi kutoka kwa bibi yake, akaingia, akamsalimia mama yake shikamoo, akaketi pembeni mwa kitanda. Getruda akaitikia marahaba, akamshika mkono, akausikia, kisha akamgeukia Jonathan.

“Baba Sharon, funga dirisha, mtoto ana baridi.”

Likafungwa. Hakusema neno jingine, na muda si mrefu baadaye, mkono wa binti yake ukiwa bado mkononi mwake, akaaga dunia. Ameacha mume, binti mmoja, mama mzazi, na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliomwambia ukweli mapema kwa sababu walijua anauweza, na wale waliomruhusu arudi nyumbani ingawa wangeweza kumbakiza. Tunawashukuru majirani wa Buswelu mliopika, mliochota maji na mliolala hapa kwenye mikeka, mchungaji na kwaya, ndugu wa Nyanguge na wa Shirati ambao safari hii hawakuvutana juu ya wapi azikwe. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na Bwana Malimi, aliyekuja juzi kwenye matanga akasema mbele ya wazee kwamba yale masharti ya mwaka jana ameyafuta, Odeta atabaki maabara kwa haki yake mwenyewe, na mlango wa kona ile hautafungwa. Dada Odeta, tunakushukuru wewe kwa namna ambayo hatuna maneno yake.

Getruda, kila kilichokubana kimekuachia leo. Pumzika kwa amani, Mama Otuoma, Mama Sharon, huku nyuma mtoto tutamfunika.